Chensoo Inayozimikazimika: Fuata Njia ya Petroli Kabla ya Kugusa Skrubu za Kabureta

Korosho zikishauzwa, mashamba ya Tandahimba, Newala na Masasi huingia kwenye kazi nyingine. Matawi makavu yanaondolewa, miti iliyosongamana inapunguzwa, mikorosho mikongwe inakatwa ili ichipue upya na kubebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Ndicho kipindi ambacho chensoo zilizolala stoo kwa miezi hutolewa, zikamiminiwa petroli na kuvutwa kamba. Inawaka, inanguruma dakika chache, inazima. Inavutwa tena, inawaka, ikigusa gogo inazima.

Hapo mwenye mashine huchukua bisibisi ndogo na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nawaomba sana wenzangu wa Kusini tuache mtindo huu. Skrubu hizo hazijikazi zenyewe wala hazilegei ovyo. Mashine iliyokuwa ikikata vizuri mwaka jana na leo inazima, kilichobadilika kwa kawaida ni kitu kingine: petroli yenyewe, tundu la kupumulia la tenki, mpira wa mafuta, filta, au uchafu ndani ya kabureta. Ukizungusha skrubu utaweza kuificha shida kwa siku mbili tatu, lakini utakuwa umeongeza ya pili juu ya ile ya kwanza.

Na ubaya wake ni huu. Injini ya chensoo ni ya mipigo miwili, haina oili yake pembeni kama ya bodaboda. Oili inayolainisha pistoni, ringi na bearingi inakuja imechanganywa na petroli. Mafuta yakipungua, oili nayo inapungua, na mchanganyiko wenye hewa nyingi unaongeza joto la silinda. Pistoni inavimba, inakwaruza ukuta wa silinda, na mashine iliyokuwa na tatizo la filta sasa inahitaji silinda mpya. Kwa hiyo kila dalili ya njaa ya mafuta ichukulie kwa uzito: ikianza kukata pumzi, zima mwenyewe, usiendelee kuilazimisha.

Kwanza hakikisha ni mafuta kweli

Sikiliza inavyozima. Ikizima ghafla kama mtu aliyebonyeza swichi, shuku umeme: plagi, koili, waya wa plagi, au waya wa swichi unaogusa bodi. Ikizima kwa kugugumia, nguvu zikishuka taratibu, au ikapandisha mlio juu kidogo kisha ikafa, hiyo ni njaa ya mafuta. Ikizima huku ikitoa moshi mzito na kunuka petroli, mafuta yamezidi.

Kisha fungua plagi mara tu baada ya mashine kuzima, kwa uangalifu kwa sababu ni ya moto. Plagi kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kadhaa huku choki imefungwa ina maana petroli haifiki. Plagi iliyolowa ina maana petroli inafika lakini haiungui, au imezidi. Rangi ya kahawia kama maganda ya korosho ni ya afya; nyeupe ni joto na hewa nyingi; nyeusi yenye masizi yaliyolowa ni oili au mafuta kupita kiasi. Pengo la plagi kwa chensoo nyingi ni milimita 0.5. Plagi ikiwa imechakaa badilisha tu, usipoteze muda nayo. Chensoo nyingi za Stihl na Husqvarna hutumia NGK BPMR7A au Bosch WSR6F, lakini soma namba iliyo kwenye plagi ya zamani na kwenye kitabu cha mashine yako.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Toa filta ya hewa, dondoshea mdomoni mwa kabureta matone machache ya petroli iliyochanganywa oili, rudisha filta, vuta kamba. Ikiwaka kwa sekunde chache kisha ikazima, umeme upo na mgandamizo wa injini upo. Kinachokosekana ni mafuta kufika yenyewe. Usitumie petroli tupu kwa kipimo hiki, na usimwage; matone yanatosha.

Kabla ya hatua yoyote inayofuata: mashine imezimwa, imepoa, breki ya mnyororo imefungwa, plagi imetolewa kofia yake. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mbali na mwenye sigara. Ukimaliza kujaza mafuta, sogea angalau mita tatu kutoka ulipojazia ndipo uwashe.

Petroli na oili: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Mwaga petroli yote iliyomo tenkini kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Iache dakika kumi na tano bila kuitikisa, kisha itazame kwa mwanga. Maji hukaa chini, yakionekana kama povu au tone kubwa linalotembea ukiinamisha chupa. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na kidumu kisichofungwa vizuri kikilala nje wakati wa mvua hukusanya maji bila mtu kujua. Utaona pia uchafu: unga wa mbao, mchanga mwekundu, vipande vya plastiki ya kidumu.

Inuse. Petroli iliyokaa sana hunuka kama rangi ya kupaka au vanishi, na rangi yake huwa imekoza. Watengenezaji wengi wa chensoo wanashauri mchanganyiko wa petroli na oili usikae zaidi ya siku thelathini, na kwa joto la Lindi na Mtwara mimi nisingefika hata huko. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazosaidia mashine kuwaka, huruka hewani kwanza. Kinachobaki hugeuka gundi inayoziba vijitundu vya kabureta. Petroli ya zamani usiichanganye na mpya ili kuiokoa. Itenge.

Vijijini tunanunua petroli ya chupa kando ya barabara, na hilo halikwepeki ukiwa Liwale au ndani ya Nanyumbu mbali na sheli. Tatizo la petroli hiyo ni mawili: huenda imekaa juani wiki nzima, au imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mpango wa kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta, ulioanza 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ulikuwa wa kupambana na uchakachuaji wa namna hii kwenye sheli, lakini vinasaba havimlindi anayenunua chupa iliyopita mikono mitatu. Kipimo cha nyumbani: kabla hujaweka oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto, na tone lingine la petroli uliyonunua sheli pembeni yake. Petroli halisi huruka yote na karatasi hubaki kavu. Ikibaki alama ya mafuta inayong'aa na harufu ya koroboi, usiitie kwenye chensoo. Bodaboda inaweza kuvumilia kwa siku kadhaa, chensoo haivumilii.

Sasa oili. Fuata kitabu cha mashine yako, lakini hesabu ni hizi. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita tano. Uwiano wa 40 kwa 1 ni mililita 25 kwa lita. Uwiano wa 25 kwa 1 ni mililita 40 kwa lita, au 200 kwa lita tano. Stihl wanataka 50 kwa 1 ukitumia oili yao wenyewe, na vitabu vyao vingi vinasema 25 kwa 1 ukitumia oili ya kampuni nyingine; Husqvarna nao hutumia 50 kwa 1 kwa oili yao. Chensoo nyingi za bei nafuu kutoka China zinaandikwa 25 kwa 1 au 40 kwa 1. Anza na kilichoandikwa kwenye mashine, usianze na alichosema jirani.

Upimaji wa "kifuniko kimoja cha chupa" ndio unaoharibu mashine nyingi, kwa sababu vifuniko havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, usilifunge sindano yenyewe. Kwa 50 kwa 1, bomba moja lililojaa ni la lita moja. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inataka bomba moja na nusu. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho.

Aina ya oili ni jambo ambalo watu wa pwani tunapaswa kulijua zaidi ya wa bara, kwa sababu kwetu oili ya boti iko kila mahali. Kilwa Masoko, Mikindani, Msimbati, mvuvi yeyote mwenye injini ya boti anayo oili ya mipigo miwili, na ni rahisi kumwomba robo. Lakini chupa yake imeandikwa TC-W3. Hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Chensoo inapozwa na upepo wa feni yake tu, silinda yake ina joto zaidi, na inataka oili ya injini zinazopozwa kwa hewa, mara nyingi iliyoandikwa JASO FC au FD. Vilevile usinunue kwa mvuvi petroli ambayo tayari ameichanganya. Hujui ameichanganya kwa uwiano gani, na baadhi ya injini za boti zinatumia oili kidogo sana kuliko chensoo. Oili chafu ya gari au ya pikipiki isiingie kabisa kwenye petroli. Itaacha masizi kwenye plagi, kwenye ekzosi na juu ya pistoni.

Changanya kwenye kidumu, si ndani ya tenki la mashine: nusu ya petroli kwanza, oili yote, tikisa vizuri, kisha petroli iliyobaki, tikisa tena. Tikisa kila unapojaza. Kabla ya kufungua kifuniko cha tenki, piga brashi kuzunguka kifuniko, maana ule unga wa mbao uliogandamana na utomvu wa mkorosho ndio unaodondokea ndani na kuanza safari ya kwenda kwenye filta.

Safisha tenki kwa petroli kidogo safi, mwaga, jaza mchanganyiko mpya, washa. Idadi ya mashine zinazopona kwenye hatua hii ni kubwa kuliko watu wanavyotaka kuamini. Ikiendelea kuzima, songa mbele.

Tenki linapumua?

Petroli inapotoka tenkini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kuna tundu dogo au valvu ya kupumulia kwa ajili hiyo. Likiziba, tenki linajifunga kama chupa unayonyonya bila kuachia mdomo, na pampu ya kabureta inashindwa kuvuta.

Dalili yake inajitambulisha: mashine inakata vizuri dakika tano au kumi, inaanza kufa, unaiacha kidogo, inawaka tena, inarudia vilevile. Kipimo: ikianza kugugumia tu, achia resi, funga breki ya mnyororo, izime, iweke chini kwenye ardhi tambarare, iache ipoe, kisha legeza kifuniko cha tenki kidogo. Ukisikia "fsss" ya hewa inayoingia, na ukikifunga na kuwasha tena mashine ikarudisha uhai, umeshapata mwizi. Fanya hivi kwa tahadhari, tenki likiwa nusu, usimwagie petroli kwenye ekzosi.

Valvu hii kwenye mashine nyingi iko juu ya tenki karibu na kabureta au pembeni ya mpini wa nyuma. Kwenye zile za China mara nyingi ni kijipira kifupi chenye kizibo kidogo. Ichomoe, isuuze kwa petroli, ipulize. Isipopitisha hewa, badilisha. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo. Usitoboe kifuniko cha tenki kwa msumari kama wengine wanavyofanya. Tundu hilo litamwaga petroli ukiinamisha mashine, na petroli itamwagikia karibu na ekzosi. Watu wameungua kwa namna hiyo.

Mpira wa mafuta na filta ya tenki

Chukua spoku ya baiskeli, ikunje ncha iwe ndoano, na uvute mpira wa mafuta kupitia mdomo wa tenki. Mwishoni mwake kuna filta, kichwa kizito kinachofuata petroli popote mashine inapoinamia.

Filta ikiwa nyeusi, ngumu au imejaa kitu kama ute, weka mpya. Kuiosha ni suluhisho la kukufikisha jioni tu. Na usifanye kazi bila filta, wala usiweke kipande cha sponji ya godoro mahali pake. Petroli inaila sponji, vipande vinakatika na kwenda kuziba kabureta, na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya siku nzima.

Mpira wenyewe ukunje kwa vidole urefu wote. Mpira mzee hupasuka kwenye mkunjo, hasa pale unapopita ukutani mwa tenki na pale unapoingia kwenye kabureta. Ufa mdogo usioonekana unavuta hewa badala ya petroli. Dalili: mashine inakata vizuri tenki likiwa limejaa, ikifika nusu inaanza kukatakata, au inazima ukiigeuza ubavu kukata mti karibu na ardhi. Dalili hiyohiyo inaweza kutokana na mpira uliokakamaa na kuwa mfupi, filta ikabaki inaning'inia juu ya petroli. Kuupima: chomoa, ziba upande mmoja kwa kidole, upande wa pili vuta hewa kwa lile bomba la sindano. Ukivuta na bomba likarudi lenyewe kwa nguvu, mpira ni mzima. Likikaa pale ulipoliacha, unavuja. Usivute kwa mdomo, petroli ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Ukinunua mpira mpya, dai wa mafuta. Mpira wa maji au wa dripu unaonekana sawa siku ya kwanza, baada ya muda mfupi unakakamaa na kupasuka.

Filta ya hewa na ekzosi, kwa haraka

Hizi si njia za petroli lakini zinadanganya. Filta ya hewa iliyoziba inaifanya mashine inywe petroli nyingi kuliko hewa: moshi, plagi nyeusi, inazima ukiachia resi. Kung'uta, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kama ni ya nailoni, kausha kabisa. Kwenye ekzosi, toa kile kiwavu kidogo cha kuzuia cheche. Kikiwa kimeziba masizi, mashine haiwezi kutoa pumzi na inakosa nguvu. Brashi ya waya inatosha.

Ukiwa umeitoa ekzosi, chungulia pistoni kupitia tundu la moshi huku ukivuta kamba taratibu. Ikiwa ubavu wake unang'aa bila mikwaruzo, endelea na kazi. Ukiona michirizi mirefu ya wima, acha kuhangaika na mafuta. Injini imeshakwaruzika na mgandamizo umepungua. Fundi afungue silinda kwanza.

Kabureta

Hapa tumefika mahali ambapo wengi walianzia.

Kabureta ya chensoo haina kibakuli na boya kama ya pikipiki, maana ingekuwa hivyo isingefanya kazi ikilala ubavu. Ina vyumba viwili vyenye diaframu, yaani utando mwembamba unaopanda na kushuka. Upande mmoja kuna diaframu ya pampu, inayosukumwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini kupitia kijitundu kilicho kwenye gasketi. Hiyo ndiyo inayovuta petroli kutoka tenkini. Upande wa pili kuna diaframu ya kupimia, inayosukuma mkono mdogo unaofungua sindano ili kiasi sahihi cha petroli kiingie. Diaframu hizi zinatakiwa ziwe laini na nyepesi. Petroli mbovu na miezi ya kukauka stoo huzifanya ngumu, na diaframu ngumu haipigi inavyopaswa. Mashine inawaka, lakini ukiitaka resi inazima.

Piga picha kwa simu kila hatua: waya wa resi ulivyofungwa, fimbo ya choki, gasketi zinavyokaa. Safisha nje ya kabureta kwa brashi na petroli kabla ya kuifungua, uchafu usidondoke ndani. Fanya kazi juu ya kitambaa cheupe ndani ya sinia.

Kabla ya kutoa skrubu za L (ya mafuta ya mwendo mdogo) na H (ya mafuta ya resi kubwa), zikaze taratibu mpaka ziguse chini, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Usikaze kwa nguvu. Ncha zake ni nyembamba na kiti chake ni laini. Kisha zifungue kabisa.

Fungua kifuniko cha upande wa pampu. Mara nyingi kina skrubu moja ya katikati. Chini ya diaframu utaona kichujio kidogo cha waya, duara la ukubwa wa kitufe cha shati. Hiki ndicho kitu kinachosahaulika zaidi kwenye chensoo nzima. Kikiwa na ukungu wa kahawia, petroli inapita kwa tabu: sailensi (injini ikinguruma bila resi) nzuri, resi kubwa hakuna. Kitoe kwa ncha ya sindano ya kushonea, kisuuze, kirudishe.

Upande wa pili fungua skrubu nne. Gasketi na diaframu vitoke pamoja, ukiangalia mpangilio wake: kwa kabureta nyingi za kampuni za Walbro na Zama, upande huu gasketi ndiyo inayolala kwenye mwili wa kabureta na diaframu inakaa juu yake. Ukizibadilisha nafasi, mkono wa sindano unakaa juu mno au chini mno, na mashine haitatulia hata ufanye nini. Kagua sindano: ncha yake ikiwa na mduara ulioliwa, au uchafu kwenye kiti chake, petroli itavuja hata mashine ikiwa imezimwa, na utakuta plagi imelowa kila asubuhi. Mkono wa sindano usiukunje kama hauna dalili ya kuwa umepindishwa na mtu kabla yako.

Vijitundu visafishe kwa petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kwa brashi laini. Vaa miwani, dawa hiyo ikipuliziwa kwenye tundu moja hurudi usoni kupitia jingine. Usiingize waya; tundu likipanuka hata kidogo, kabureta haitapima sawa tena. Hewa ya kwa fundi pancha inafaa, ila kwa nguvu ndogo na baada ya kutoa diaframu zote mbili, vinginevyo utazichana.

Kama diaframu zimekakamaa au zimekunjamana, nunua seti nzima ya diaframu na gasketi kwa namba iliyochongwa kwenye mwili wa kabureta. Kwa chensoo za bei nafuu za China, kabureta nzima mpya mara nyingi si ghali, na ushauri wangu ni kuibadilisha kuliko kukarabati iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi. Kwa Stihl au Husqvarna halisi ni kinyume chake: kabureta yake ya asili iliyosafishwa vizuri ni bora kuliko kopi mpya.

Ukirudisha, hakikisha tundu la mapigo kwenye gasketi ya nyuma linalingana na tundu la injini. Gasketi ikigeuzwa, pampu haipati mapigo na utavuta kamba mpaka bega liume.

Mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho nazo nyingi ni za mipigo miwili, na karibu yote yaliyosemwa kuhusu petroli, oili na mpira yanazihusu. Ila tazama kwanza kama kabureta yake ni ya diaframu au ya boya, na filta yake ya hewa ioshwe mara nyingi zaidi kwa sababu ya vumbi la salfa.

Kutyuni

Rudisha L na H kwenye hesabu uliyoandika. Kama haikuandikwa, kwa mashine nyingi mzunguko mmoja kamili kutoka chini ni mahali pa kuanzia. Kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho. Filta ya hewa iwe safi, mnyororo umekazwa sawasawa, injini iwe imepata moto.

Anza na L. Izungushe taratibu kushoto na kulia utafute mahali sailensi ilipo juu na laini zaidi, kisha ifungue kidogo, robo ya mzunguko au chini yake, ili mashine ipokee resi bila kukohoa. Halafu skrubu ya sailensi, inayoandikwa LA au T: irekebishe mpaka injini itulie bila kuzima na mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaozunguka bila resi ni hatari, usikubali kufanya kazi nao.

H ndiyo inayoua pistoni. Kwenye mashine ya kabureta ya kawaida, ikiwa haina mzigo na resi ya mwisho, inatakiwa itoe sauti yenye mkwaruzo kidogo, kama inayosita. Ikiingia kwenye gogo, sauti hiyo inasafika na nguvu inakuja. Ukisikia mlio mwembamba, mkali, unaopanda bila kikomo, hiyo ni hewa nyingi. Fungua H mara moja. Nguvu unayodhani umeipata kwa kuibana ni ya muda mfupi. Usishikilie resi ya mwisho bila mzigo kwa zaidi ya sekunde chache. Fundi mwenye kifaa cha kupima mizunguko atakuwekea kwa uhakika zaidi ya sikio la mtu yeyote.

Jambo moja la huku kwetu: Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Mtwara mjini au Lindi kwenye usawa wa bahari. Chensoo iliyobanwa mpaka mwisho ikiwa Newala, ikishushwa pwani inapata hewa nzito na kuwa na njaa. Ukihamia chini na mashine yako, isikilize upya kabla ya kuanza kazi kubwa.

Ikiwa bado inazima

Sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, resi inayochelewa kurudi ukiachia, mashine inayopandisha mlio mkali dakika chache kabla ya kufa: hizo ni dalili za hewa kuingia kusikotakiwa. Kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, uukunje utafute mipasuko. Ikiwa mzima, shuku sili za shafti, na hapo mpelekee fundi mwenye pampu ya kupima uvujaji. Usiitumie mpaka ipimwe. Mashine inayokata vizuri ikiwa baridi, inazima ikipata moto na kukosa cheche mpaka ipoe, hiyo ni koili.

Kazi ya kupogolea ikiisha na mashine inarudi stoo, mwaga petroli yote, iwashe nje mahali pa wazi mpaka izime yenyewe kwa kumaliza iliyobaki kwenye kabureta, safisha filta ya hewa, fungua plagi, tia tone la oili ya mipigo miwili kwenye silinda, vuta kamba taratibu mara mbili au tatu, rudisha plagi. Iweke mahali pakavu, si kwenye sakafu ya udongo inayotoa unyevu. Petroli uliyoimwaga mpe mwenye mashine anayekata wiki hiyohiyo, ilimradi uwiano wake ni huohuo.